Kimyanga Ni Mzaliwa wa Hapa

Haya niliyasema asubuhi ya siku ya wakulima shambani, kwenye skimu moja ya mpunga katika bonde la Kilombero. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichopunguza ni itifaki.

Mwenyekiti wa skimu, mheshimiwa diwani, mabwana shamba na mabibi shamba, wazee wangu, mama zangu mliokatisha palizi kuja kunisikiliza, na nyie vijana wa pawatila mliosimama kule nyuma kana kwamba mnataka kukimbia: shikamooni, na habari za asubuhi.

Nimepewa muda mpaka saa nne. Mratibu aliniomba radhi kwamba muda ni mfupi. Hana kosa, saa nne niliichagua mwenyewe, na sababu mtaiona kwa macho yenu tukishuka kwenye majaruba ya majaribio.

Nimekuja na jani. Limo ndani ya chupa na kizibo nimekikaza. Mzee wangu hapa mbele ameshanyoosha mkono alishike. Mzee, nitakupa chupa, jani sikupi, na usinichukie. Ukilishika, halafu tukashuka shambani ukaanza kupapasa mpunga kama sote tunavyopenda kupapasa, utakuwa umeupanda ugonjwa kwa vidole vyako. Litazameni kupitia kioo. Kijani kimekatwakatwa na michirizi ya njano, na huku kwenye ncha imeelekea rangi ya chungwa. Mche uliotoa jani hili una miezi miwili na haunifiki gotini. Ukiachwa utatoa suke fupi lililokwama nusu ndani ya ala yake, na ukilipura utapata mapepe, makapi yasiyo na punje. Vitabu vinauita ugonjwa huu wa virusi kwa jina refu. Kimyanga inatosha, tumeelewana.

Kila nikisimama mbele ya wakulima swali la kwanza ni hilohilo: huu ugonjwa kaleta nani? Nimeambiwa umeletwa na mbolea. Nimeambiwa umeletwa na wafadhili. Mama mmoja alinikazia kwamba ulikuja ndani ya mfuko mmoja na mbegu ya mpunga ya SARO 5, na nikimwangalia naona hataki kubishiwa. Namwelewa. SARO 5, ile ambayo kwa namba ni TXD 306, ilitolewa mwaka 2002, ikaenea haraka kwa sababu inazaa, na kwa kimyanga ni dhaifu. Mtu aliyeuona ugonjwa kwa mara ya kwanza kwenye SARO ana haki ya kuishuku.

Lakini kimyanga kiliandikwa vitabuni kabla SARO haijawazwa. Kiligunduliwa mwaka 1966, mashambani karibu na Kisumu, Kenya. Hapa Tanzania watafiti walianza kukiripoti miaka ya 1980. Na kugunduliwa siko kuzaliwa. Mkitaka kujua kilizaliwa wapi, fikirini Kiswahili. Nendeni visiwa vya Lamu: kuna Kiamu, kuna Kipate, kuna Kisiu, mwendo wa jahazi tu kutoka hapa hadi pale na maneno yamegeuka. Halafu pandeni basi Morogoro hadi Kigoma, safari ndefu, mshuke mkute Kiswahili karibu kile kile mlichopanda nacho. Lugha ikikaa mahali siku nyingi huzaa lahaja. Ilikofika juzi inafanana.

Wataalamu wa virusi wamefanya hesabu ya namna hiyo. Walikusanya kimyanga kutoka Afrika Magharibi, Madagaska, Kenya, Uganda na kwetu, wakalinganisha vinasaba vyake kipande kwa kipande. Lahaja nyingi zaidi zimekutwa mashariki mwa Tanzania, na kadiri unavyoelekea magharibi mwa Afrika zinapungua. Makadirio yao yanakiweka chanzo upande huu wa milima ya Tao la Mashariki, katika karne ya 19. Milima ile mnayoiona nyuma yangu, Udzungwa, ni ya tao hilohilo. Hakuna aliyekileta. Kimyanga ni mzaliwa wa hapa, jirani yetu wa siku nyingi, na kabla ya kuhamia kwenye mpunga kilikuwa kinaishi kwenye nyasi za porini.

Mgeni ni mpunga. Mpunga tunaoulima zaidi asili yake ni Asia, ulikuja na pepo za Bahari ya Hindi, na huko kwao kimyanga hakipo. Haukuwahi kupigana nacho, kwa hiyo haukuja na kinga. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia, na ndiyo maana ni ngumu: huwezi kwenda Ufilipino au India ukaomba mbegu inayohimili kimyanga kama unavyoomba mbegu inayozaa. Aina zilizokutwa na kinga ya kweli ni za kuhesabu. Mojawapo inaitwa Gigante, ni ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma hapo. Nyingine ni za mpunga wa asili wa Afrika Magharibi, ule mwekundu wa zamani ambao ni ndugu wa mbali wa huu wetu.

Gigante ina nini? Kirusi ni mgeni asiye na jiko. Kinaingia ndani ya chembe hai ya mpunga na kazi ya kujizalisha kinaifanya kwa vyombo vya mwenye nyumba. Kimyanga kuna chombo kimoja lazima kikikamate kwa mpini ndipo kianze kupika. Kwenye Gigante mpini huo umebadilika mahali pamoja tu, kijipande kimoja cha protini. Mpunga wenyewe unaendelea kupikia chombo hicho bila shida. Mkono wa kirusi ndio haukamati tena. Mwanzoni mwa kazi yangu nilifikiri kinga ni jeshi, mmea unapigana. Kumbe hapa hakuna vita, kuna mpini tu usioshikika.

Niwasimulie aibu yangu. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka uleule, stashahada mkononi, nikawekwa kutunza miche kwenye nyumba kitalu. Baba alikuwa aina yenye kinga, mama aina ya kwetu inayonukia. Ilikuwa uzao wa kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuupa ugonjwa kwa makusudi: unatwanga majani yaliyougua kwenye kinu kidogo na maji, unatia unga mgumu unaokwaruza kama msasa, unachovya vidole, halafu unalipitisha kila jani katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kutoka shina hadi ncha. Miche 200, majani mawili mawili. Wiki mbili baadaye yote ikawa njano. Yote. Nikaandika kwenye daftari "kinga hakuna", nikaanza kung'oa. Trei moja nilikuwa nimeshaimwaga kwenye shimo la mboji fundi wetu wa kitalu alipoingia. Mzee yule hakuwa na cheti hata kimoja. Akaangalia shimo, akaniangalia mimi. "Kijana, umezika wajukuu."

Alikuwa sahihi. Kinga ya Gigante ni ya kujificha. Kila mche una nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama, na kinga hii haionekani mpaka nakala zote mbili ziwe za mpini uliobadilika. Mtoto wa kwanza ana moja tu, kwa hiyo anaugua kama mama yake, huku kinga amekaa nayo kimya. Unamwacha augue, unamtunza, unavuna hicho kidogo anachotoa, unapanda tena. Kwenye kizazi cha pili, takriban mche mmoja kati ya minne unasimama kijani katikati ya wenzake wa njano. Siku ya kwanza nilipouona mstari wa namna hiyo nilikaa chini kwenye tope.

Siku hizi hatusubiri kuona njano. Tunakata kipande cha jani ukubwa wa ukucha, tunakipeleka maabara, kinasaba kinasomwa miche ikiwa bado midogo. Inaokoa misimu. Hata hivyo msinidai mbegu kesho. Baada ya kuchanganya, unarudisha uzao kwa mama mara kadhaa ili harufu na mbegu ndefu visipotee, kila mara ukifuatilia kinga iliyojificha; kisha vizazi kadhaa hadi mimea yote ifanane; kisha majaribio sehemu mbalimbali, msimu kwa msimu; kisha TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, nao wajiridhishe. Mtoto aliyezaliwa siku ya uchavushaji anaweza kuwa darasa la nne mbegu ikifika dukani.

Na ikifika, isifanywe mganga. Kirusi nacho kinajifunza. Maabara zimeshaonyesha kwamba kikibadilisha sehemu ndogo tu ya protini yake, mkono unaushika tena mpini wa Gigante. Ndiyo maana tunajitahidi kuweka kinga mbili ndani ya mche mmoja, ili kikifungua mlango mmoja kikute mwingine umefungwa. Na nyie mna sehemu yenu. Kimyanga hakirithiwi kwa mbegu, acheni kuilaumu. Kinasambazwa na wadudu wadogo wa jamii ya mbawakavu wanaotafuna majani, na panya, na ng'ombe anayekatiza, na mundu, na mikono yetu wakati wa kung'oa miche kitaluni. Kinakaa kwenye machipukizi ya mashina mliyoyaacha baada ya kuvuna. Mkiacha yale yakachipua mpaka msimu ujao, mnakifugia. Nimeona kitalu kimewekwa pembeni kabisa ya mashina ya namna hiyo, hapahapa kwenye skimu hii, na mwenyewe yupo, anacheka. Sitamtaja.

Kuna ugonjwa mwingine ambao huo kweli ni mgeni. Mwaka 2019 kwenye mashamba ya Dakawa, mkoani kwetu, bakteria wanaokausha majani walichunguzwa wakakutwa ni wa ukoo wa Asia, si wale wa Afrika tuliowazoea. Kwa hao, watafiti walichukua aina ya Komboka wakahariri vinasaba vyake mahali ambapo bakteria hufungulia chakula, wakachapisha matokeo mwaka 2023. Hiyo ni habari ya maabara, msije kuiulizia dukani.

Nataka kusema jambo kuhusu mpunga mwitu, nanyi mama zangu msininunie. Ule wa mizizi inayotambaa, unaoung'oa leo ukirudi Jumapili umechipuka. Najua mnavyoulaani. Mojawapo ya kinga zinazojulikana zaidi duniani dhidi ya bakteria hao wa kukausha majani, kinasaba kinachoitwa Xa21, ilitoka kwa mpunga mwitu wa aina hiyohiyo, mche uliochukuliwa Mali. Mwaka 1995 maabara ya Pamela Ronald kule California ikakitenga kinasaba hicho peke yake. Na si mara ya kwanza pori kutuokoa. Miaka ya 1970 Asia ilipigwa na kirusi kinachodumaza mpunga ukawa kama nyasi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga cha Los Baños, Ufilipino, kilipima sampuli zaidi ya 6,000. Kinga ilipatikana kwenye moja tu, ya mpunga mwitu kutoka Uttar Pradesh, India, na hata hiyo ni miche michache tu ndani yake iliyosimama. Kutoka hapo mtafiti Gurdev Khush na wenzake wakapata aina ya mpunga ya IR36, mwaka 1976, iliyolimwa na mamilioni ya wakulima. Kwa hiyo ng'oeni mpunga mwitu kwenye majaruba yenu, ni haki yenu. Ule wa kando ya mto, mbali na shamba, uacheni. Mimi huwa napita kuuangalia.

Haya, maji. Nyie mna mfereji na banio, mnaweza kudhani ukame ni habari ya watu wa mpunga wa mvua. Mwulizeni mwenyekiti zamu za maji zilikuwaje mwezi wa kwanza.

Ukame hauna kinasaba kimoja cha kuukomesha, tofauti na nilivyoeleza kwenye kimyanga. Una wakati wake. Mpunga mdogo ukikosa maji unakunja majani kama mkeka, ukipata unayafungua, mnasameheana. Ukikosa maji siku za kuchanua, hausamehe mtu: chavua inakufa, suke linashindwa kutoka, na hata mvua ikija keshokutwa unavuna mapepe. Kwa hiyo tunachofanya ni ukatili. Tunapanda aina nyingi, tunazimwagilia vizuri, halafu karibu na kuchanua tunafunga banio na kuondoka. Majani yanakunjwa, ardhi inapasuka hadi unaingiza kiganja, sisi tunazunguka na daftari tunatoa alama, na mwisho tunapima mavuno. Mavuno ndiyo yenye neno la mwisho, maana kuna aina zinazobaki za kijani ajabu kwenye ukame na hazitoi kitu.

Mwaka mmoja jirani wa shamba letu la majaribio alipita jioni, akaona mpunga unakufa. Akatuhurumia. Usiku akaamka, akaja na jembe, akatufungulia maji. Asubuhi nakuta majaruba yamejaa, miche imenyooka, na yeye kakaa juu ya tuta ananisubiri nimshukuru. Ningemwambia nini? Nilimshukuru. Msimu mzima ulikwenda na maji yale. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza kila msimu ni kwenda kwa majirani kueleza kwamba mpunga ule tunaupa kiu kwa makusudi.

Kitu kingine ni mizizi. Nimekuja na chujio mbili za plastiki, hizi kubwa za kuchujia nazi. Unajaza udongo, unapanda mche mmoja katikati, unafukia chujio ardhini hadi ukingoni, na baada ya wiki kadhaa unaichimbua. Angalieni hii: mizizi imetokea pembeni, karibu na mdomo wa chujio. Hii nyingine imetoboa kitakoni. Zote ni mpunga, umri mmoja. Wajapani waliufuata mchezo huu mpaka mwisho. Walichukua IR64, aina mashuhuri ya Asia yenye mizizi ya juujuu, wakatafuta aina ya milimani ya Ufilipino inayoitwa Kinandang Patong yenye mizizi ya kwenda chini, wakahamisha kinasaba kinachoelekeza mizizi, wakakiita DRO1. Mwaka 2013 wakaonyesha kwamba IR64 yenye kinasaba hicho inavuna kwenye ukame pale ile ya kawaida inapoanguka. Ninachokipenda hapo ni kwamba hawakuongeza mizizi. Waligeuza pembe yake tu. Ila ukiwa na udongo ambao chini kuna tabaka gumu la kukanyagwa na trekta, pembe hiyo haikusaidii, mizizi itagonga dari.

Njia ya mkato ni kuukimbia ukame: mpunga unaokomaa mapema. NERICA ni wa namna hiyo, uzao wa mpunga wa Asia na wa Afrika, kazi aliyoiongoza Monty Jones wa Sierra Leone akiwa Ivory Coast, na iliyompa tuzo ya chakula ya dunia mwaka 2004. Aina zake kadhaa ziliruhusiwa hapa Tanzania mwaka 2009 kwa ajili ya mashamba ya mlimani. Ni mzuri. Lakini aliyewahi kuwa na jaruba moja linaloiva wiki tatu kabla ya bonde zima anajua kitakachofuata. Kweleakwelea hawana msimu wa kusubiri wenzako. Utaamia ndege kuanzia alfajiri, na watoto hawataenda shule.

Nimalizie na chungu, maana hapo ndipo nimeshindwa mara nyingi kuliko shambani. Tuliwahi kuwa na mstari mmoja tulioupenda sana. Kimyanga hakiugusi, kiu unaivumilia, haulali upepo ukija. Tukawapa mama lishe wa mnadani kilo mbilimbili wapike wauze. Jioni tukarudi. Mmoja wao, mama mtu mzima, akafunua sufuria akanionyesha. Akasema: "Mwanangu, mpunga wako haufi, lakini wali wake unakufa ukipoa." Akachota kijiko, umekuwa kama kokoto. Mteja wake anakula saa nane mchele uliopikwa saa nne. Tuliutupa ule mstari, miaka ya kazi, kwa kijiko kimoja. Sijuti, nilichokosea ni kumwendea mwishoni. Supa, mpunga wetu wa zamani unaonukia, imekaa mashambani mwetu vizazi na vizazi, ndefu, inalala, inazaa kidogo, kila mtaalamu anaikosoa, na ukiipika mtaa mzima unajua leo kwa fulani kuna wali. Anayetaka kuing'oa Supa kwa kinga peke yake atasubiri sana. Sasa tunapika mapema, gramu hamsini hamsini, kabla hata hatujawa na mbegu ya kujaza debe.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Ni saa nne kasorobo, na ua la mpunga haliko kama la mahindi. Linafunguka mara moja, asubuhi jua likishapata nguvu, kwa muda kama wa kunywa chai na maandazi, kisha linajifunga na halifunguki tena. Jana jioni nilikata vichwa vya maua ya mche mama kwa mkasi mdogo, nikatoa viwili, vinne, sita, vile vijiti vya chavua, kila ua vijiti sita, nikayavika mfuko wa karatasi. Baba yake amesimama jaruba la pili. Kama ni kweli nilivyohesabu, sasa hivi anaanza kufunguka. Nahitaji vijana wawili wenye macho mazuri na mikono isiyotetemeka, na tafadhali, aliyeshika mpunga njiani anawe kwanza, ndoo na sabuni viko pale chini ya mwembe. Twendeni.